Mama Kevina: Sista wa Ng'ambo ya Ziwa Aliyeanza na Wasichana Wanane



Katika kijarida cha harambee huwa tunatenga kurasa chache kwa ajili ya maisha ya mtu mmoja aliyefanya jambo kubwa kwa fedha kidogo. Mwaka huu harambee yetu ni ya bweni la wasichana. Kamati ilipokaa kuchagua aandikwe nani, tulitafuta mtu aliyejenga shule za wasichana kando ya ziwa hili letu wakati ambapo wengi waliona kumsomesha binti ni kumwaga maji mchangani. Tukaishia ng'ambo, Uganda, kwa sista mmoja kutoka Ireland ambaye watu wa huko walimwita Mama Kevina.

Kabla mtu hajauliza: kati yetu wapo Wakatoliki, wapo wa AIC, Wasabato, Waislamu, na wapo ambao siku ya ibada huonekana zaidi mnadani. Hatuandiki habari hii kumvuta mtu upande wowote. Tunaiandika kwa sababu ni habari ya majengo, fedha na mabinti, na hayo matatu ndiyo yanayotukutanisha kila mwaka.

Wala Uganda si mbali kama tunavyodhani. Wazee wetu wa Bukumbi wanalijua hilo. Mapadre Weupe wa kwanza walifikia Kageye, upande wetu huu wa ziwa, mwishoni mwa mwaka 1878, na kutoka hapo wawili wao wakavuka kwa mtumbwi hadi Buganda mwaka 1879. Mambo yalipowawia magumu kule mwaka 1882 walirudi kusini, na mwaka 1883 wakatulia Kamoga, Bukumbi, mwendo mfupi tu kutoka njia panda yetu ya Usagara. Habari, dini, magonjwa na biashara vyote vilipita juu ya maji haya. Aliyokuja kuyafanya Mama Kevina upande wa kaskazini yalikuwa yakifanyika kwenye ziwa moja na letu.

Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na Arklow, katika jimbo la Wicklow, mashariki ya Ireland. Baba yake, mkulima, alikufa kwa ajali miezi mitatu kabla binti hajazaliwa. Mama aliolewa tena, naye akafariki Teresa akiwa na umri wa miaka 10 hivi. Akalelewa na bibi mzaa mama. Bibi naye akaondoka mjukuu akiwa na miaka 17. Wengi wetu tumelelewa na bibi zetu, kwa hiyo hatuna haja ya kueleza sana maana ya pigo hilo.

Alitaka kuwa mwalimu, na kwa masista waliomfundisha alipata nafasi ya kuwa mwalimu msaidizi. Ili awe mwalimu kamili alihitaji kwenda chuo, na chuo kilikuwa na ada. Fedha hakuwa nayo. Hapa tuliposoma habari zake tulisimama kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo kila mmoja wetu ameliona kwa macho: mtoto ana akili, ana nia, mwalimu wake anamsifu, na kitu kimoja tu kinamzuia. Teresa alivuka kwenda Uingereza, akafundisha kwa muda katika shule ya masista huko Essex, na mwaka 1895 akajiunga na masista Wafransisko wa Mill Hill, London. Aliweka nadhiri mwaka 1898 na kupewa jina la Kevin, mtakatifu anayeheshimiwa sana katika milima ya nyumbani kwao Wicklow.

Aliomba kupelekwa Marekani, akafanye kazi kati ya Wamarekani weusi. Alisubiri miaka mitatu. Jibu lilipokuja, halikuwa Marekani.

Tarehe 3 Desemba 1902 masista sita waliondoka London kwenda Uganda. Mwaliko ulitoka kwa Askofu Henry Hanlon wa Wamisionari wa Mill Hill. Hao mapadre wa Kiingereza walikuwa wamefika Uganda mwaka 1895 kwa sababu moja ya kisiasa ambayo si wengi wanaikumbuka: mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana vita pale Mengo, na kwa kuwa mapadre waliokuwepo walikuwa Wafaransa, watu waliona Ukatoliki ni Ufaransa na Uprotestanti ni Uingereza. Roma ikaleta mapadre wanaozungumza Kiingereza ili kuuvunja mseto huo. Sasa mapadre hao walihitaji masista wa kufundisha wasichana na kuuguza akina mama.

Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwisho wa mwaka 1901, kwa hiyo masista hawakulazimika kutembea kwa miguu miezi mitatu kama waliowatangulia. Kutoka Kisumu walivuka ziwa, na tarehe 15 Januari 1903 wakafika kilima cha Nsambya, Kampala. Teresa, sasa Sista Kevin, alikuwa na miaka 27.

Zahanati yao ya kwanza ilikuwa kivuli cha mwembe. Huu si usemi: walitibu watu chini ya mti, kwa sababu jengo halikuwepo. Na hawakuja wakati mzuri. Miaka ile ugonjwa wa malale ulikuwa unateketeza watu kando ya ziwa, hasa Busoga na visiwani, na inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa katika Uganda peke yake. Ndui nayo ilikuwepo. Masista wachache waliokuja kufundisha a-e-i-o-u walijikuta wauguzi tangu wiki za mwanzo, na tangu hapo mambo mawili hayo, shule na hospitali, hayakutengana tena katika kazi ya Kevin. Kwake mtoto anayeumwa hawezi kusoma, na mama asiyejua kusoma hawezi kulea mtoto asiumwe.

Mwaka 1906 walifungua kituo cha pili Naggalama, kaskazini mashariki ya Kampala. Mwaka 1910 kiongozi wao aliugua na kuondoka, na Kevin akateuliwa mahali pake. Tangu siku hiyo akawa Mama Kevin, na watu wakalimalizia jina kwa vokali yao: Kevina. Mwaka 1913 akafika Kamuli, Busoga.

Kisha ikaja vita ya kwanza ya dunia. Huku kwetu tunaikumbuka kwa kuwa Waingereza waliingia Mwanza Julai 1916 na Wajerumani wakaondoka. Ambacho hakisemwi sana ni wale waliobeba. Maelfu kwa maelfu ya vijana wa Uganda, Kenya na Tanganyika walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, wakabeba risasi na chakula cha wengine huku wao wenyewe wakila vibaya, na waliokufa kwa kuhara na malaria ni wengi kuliko waliopigwa risasi. Hospitali ya Nsambya iligeuzwa kuwa mahali pa kuwatibu wapagazi hao. Kevin aliwapokea wakiwa mifupa, na alikasirishwa waziwazi na jinsi Wazungu walivyowatendea. Mwishoni mwa mwaka 1918 serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani ya MBE kwa kazi hiyo. Tunaona kuna kichekesho kichungu hapo: nishani imetolewa na walewale waliowafikisha wapagazi kwenye hali ile.

Vita vilipokwisha alikuwa ameshajua tatizo kubwa kuliko yote liko wapi. Wanawake walikuwa wanakufa wakijifungua, na watoto wachanga pamoja nao. Dawa ilikuwa ni wakunga waliofunzwa. Lakini sheria ya Kanisa lake mwenyewe wakati ule haikuwaruhusu masista kufanya kazi ya ukunga. Sista angeweza kumfunga mtu kidonda, ila mwanamke akishikwa na uchungu ilimpasa akae pembeni.

Kevin hakugombana na sheria hadharani, wala hakukaa kusubiri ibadilishwe. Alitafuta njia halali ya kuizunguka. Alimpata daktari mwanamke asiye sista, Evelyn Connolly, na pamoja naye mwaka 1921 akaanzisha Nsambya shule ya kufundisha wauguzi na wakunga. Waliofundishwa walikuwa wasichana wa Kiafrika wa kawaida, wasio na nadhiri, kwa hiyo sheria haikuwagusa. Wakati huohuo yeye na wengine wenye mawazo kama yake, huko Ireland na kwingineko, waliendelea kuandika na kuomba Roma. Mwezi Februari 1936 ruhusa ikatoka: masista wangeweza kujifunza na kufanya kazi ya ukunga. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu shule ya Nsambya ianze. Wangapi walizaliwa salama katika miaka hiyo 15 hatuwezi kusema, ila tunajua hawakungoja barua.

Tumefika mwaka 1923, na hapa tunaomba msomaji apunguze mwendo.

Kevin alitambua kwamba masista kutoka Ulaya hawatatosha kamwe. Wanakuja wachache, wanaugua, wanazeeka, wanarudi. Akaona kazi lazima ishikwe na mabinti wa hapahapa. Akaanzisha huko Nkokonjeru, mashariki ya Kampala, shirika la masista Waafrika aliloliita Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Walioanza walikuwa wasichana wanane.

Kwa haki, hakuwa wa kwanza. Upande wa Masaka, Mama Mechtilde wa Masista Weupe alikuwa ameanzisha shirika la Bannabikira mwaka 1910, na hao walikwisha kuonyesha kuwa linawezekana. Lakini kuwezekana si kukubalika. Fikirini wazazi wa wakati ule. Binti ni ng'ombe wa mahari, na ng'ombe hao ndio watakaomwoza kaka yake. Binti ni wajukuu, na mtu asiye na wajukuu jina lake linazimika. Kisha anakuja mama wa Kizungu aliyevaa joho, anasema binti asiolewe kabisa, asizae, aende akafundishe watoto wa watu wengine. Sisi Wasukuma tunaohesabu mali kwa mikia tunaielewa hasira hiyo vizuri sana, na tusijifanye kwamba imeisha. Wapo hadi leo wanaopiga hesabu ya ng'ombe kabla ya kupiga hesabu ya ada.

Wale wanane hawakurudi makwao. Waliofuata wakawa makumi, kisha mamia. Walifundishwa ualimu, uuguzi, kilimo, ushonaji, wakatumwa kwenye vijiji ambako hakuna mwalimu mwanamke aliyewahi kuonekana. Kwa msichana wa kijijini, kumwona mwanamke mweusi mwenzake anayeandika ubaoni na kushika funguo za shule lilikuwa somo lenyewe, hata kabla chaki haijagusa ubao. Shirika lile halikubaki Uganda. Limefika Kenya na limefika Tanzania, na linaendelea na shule na hospitali mpaka leo.

Hatutaki kumpamba kupita kiasi. Mama Kevin alikuwa mtu wa enzi zake. Masista wa Kizungu na masista Waafrika walikuwa mashirika mawili tofauti, kila moja na nyumba yake, na kwa miaka mingi Waafrika waliongozwa na Wazungu. Elimu ya msichana kwa sehemu kubwa ilikuwa ni kumwandaa awe mke mwema wa Kikristo: usafi, upishi, sindano. Mtu wa leo akisoma anaweza kukunja uso, na ana haki. Ila na yeye ajiulize ni wangapi wengine wakati huo walikuwa wanamfundisha msichana chochote.

Tena hakuishia kwenye sindano. Mwaka 1942, vita ya pili ikiwa inaendelea na kila kitu ni cha kuungaunga, ilianzishwa shule ya wasichana ya Mount St Mary's, Namagunga, kando ya barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja. Shule hiyo ilikua ikawa sekondari ambayo wazazi wa Uganda wanaipigania nafasi mpaka leo. Mmoja wa waliosoma hapo ni Specioza Kazibwe, binti wa Busoga aliyekuwa daktari wa upasuaji na kisha, mwaka 1994, Makamu wa Rais wa Uganda, mwanamke wa kwanza Afrika kushika cheo hicho. Kutoka bodi moja ya shule mpaka ofisi ile ni miaka 52. Sisi tunaoshika vitabu vya chama tunapenda kuulizwa faida ya mradi itaonekana lini. Basi wakati mwingine jibu ni hilo.

Wakoma pia aliwajengea: Nyenga mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Buluba, Busoga, mwaka 1934. Mkoma wakati ule alifukuzwa hata na ndugu zake. Buluba ikaja kuwa kituo kikubwa cha matibabu na mafunzo ya ugonjwa huo.

Sasa tuje kwenye fedha, maana mtu anayejenga hivi lazima aulizwe alizitoa wapi. Hakuwa na mfadhili mmoja mkubwa. Serikali ya kikoloni ilichangia kidogo kwa shule na hospitali zilizotimiza masharti yake. Wakristo wa Uganda walitoa nguvu kazi, walichoma matofali, walileta ndizi na kuku. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa ni kuomba, na kuomba kulimlazimu arudi Ulaya mara kwa mara. Mwaka 1928 alifungua Holme Hall, huko Yorkshire, nyumba ya kuwafundisha wasichana wa Ulaya wanaotaka kuja kufanya kazi Afrika, ili asitegemee tena kupewa masista wawiliwatatu kwa hisani. Lengo la nyumba ya Mill Hill na lengo la kazi ya Uganda yalizidi kuachana, na tarehe 9 Juni 1952 masista wa Afrika wakawa shirika linalojitegemea: Masista Wafransisko Wamisionari kwa Afrika, makao makuu yakiwa Mount Oliver, Dundalk, Ireland. Yeye, akiwa na miaka 77, akawa mkuu wao wa kwanza.

Alipoachia uongozi alikuwa amefikia umri wa mtu kukaa kibarazani. Hakuenda kibarazani. Alipelekwa Marekani, nyumba ya shirika huko Brighton, Boston, na kazi yake huko ilikuwa kuchangisha fedha kwa ajili ya Afrika. Marekani aliyoiomba akiwa kijana aliipata akiwa bibi kizee, na akaipata akiwa ameshika bakuli. Mama wa miaka 80, nchi ya baridi, akieleza kwa watu wasioijua Uganda kwamba kuna paa halijaezekwa na kuna wasichana wanaolisubiri.

Wajumbe wetu wanaozunguka na kadi za michango, mnaofungiwa milango na kuambiwa njoo mwisho wa mwezi, tumeweka aya hiyo kwa ajili yenu.

Alifariki huko Brighton tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na miaka 82. Mwili ulirudishwa Ireland ukazikwe Mount Oliver, kwenye nyumba aliyoianzisha. Lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Kwao ilikuwa ni jambo lisilofikirika kwamba mama yao alale ng'ambo. Wakadai mwili, na wakaupata. Ulisafirishwa kwa ndege, na tarehe 3 Desemba 1957 Mama Kevina akazikwa Nkokonjeru, kati ya masista aliowaanzisha. Anayefuatilia tarehe ataona kwamba ni miaka 55 kamili tangu siku ile aliyoondoka London na wenzake watano.

Mwaka 2016 Kanisa lilifungua rasmi mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Hayo ni ya wenye dini yao. Lakini katika lugha ya watu wa kawaida Uganda jina lake lilikwisha kupata maana yake: kevina likawa neno la kuitia hospitali au nyumba ya kuhudumia watu bila kujali ni ya nani.

Sasa kwetu. Mabinti wetu wa sekondari baadhi wanatoka nyumbani kabla ya jua, wanafuata barabara ya malori na bodaboda, na wanarudi giza limeingia. Wengine wamepangishiwa vyumba mitaani wakiwa na miaka 14 au 15, wanajipikia, wanajifungia mlango wenyewe, na kila mtu mtaani anajua wanaishi peke yao. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 serikali imeruhusu aliyeacha shule kwa ujauzito arudi darasani, na tumelipokea hilo kwa mikono miwili. Bweni ni la kumsaidia asifike huko.

Kiwanja tunacho, na msingi umeshamwagwa zege. Kilichobaki ni kuta, paa, vyoo, kisima na vitanda. Ahadi za mwaka jana zikilipwa zote, kuta zinafika kwenye linta bila kuchangisha shilingi mpya, na hilo tumelipiga hesabu mara mbili. Ukurasa unaofuata una orodha: safu ya kwanza ni kilichoahidiwa, ya pili ni kilicholipwa. Wenye risiti ambazo hazijaingizwa, tafadhali zileteni kwa mweka hazina siku ya mkutano kabla ya saa nne asubuhi.